Ma Klaudia na Kamera Zangu Nne

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa dagaa kabla hajalisoma, habari yangu ni fupi.

Mimi ni Avit Kamugisha, nimefiwa na mke miaka sita sasa. Ninakaa Bilele, hapa Bukoba mjini, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu, kuku kumi na mmoja na kamera nne. Nina duka la madaftari karibu na soko. Nimempenda Oliva, mama anayeleta samaki kutoka kisiwa cha Bumbire, na nilitaka nyumbani Nshamba waisikie habari hiyo kutoka kinywani mwangu.

Jirani yangu Ma Klaudia hakunipa nafasi.

Huyu ni muuguzi mstaafu, mwenyekiti wa jumuiya yetu, na alisoma darasa moja na mama yangu. Alijua nimenunua kochi kabla halijaingia mlangoni. Alijua nina mgeni wa kike anayekunywa chai vikombe viwili, na kwamba cha pili humkorogea sukari mwenyewe. Anachokijua Ma Klaudia saa nne, Nshamba wanakijua saa tano.

Wiki iliyopita niligundua anatumia waifai yangu. Neno langu la siri lilikuwa "emamba", yaani kamongo, samaki ambaye watu wa ukoo wetu hatumli. Ndio muziro wetu. Nilipomuuliza amelijuaje hakuona hata haya.

"Mwanangu, kuna mtu wa Nshamba asiyejua muziro wenu?"

Nikalibadilisha siku hiyohiyo. Nikaweka neno refu lisilo na samaki wala ukoo ndani yake, nikaamini nimemaliza kazi.

Sasa sikia.

Jumapili nimetoka misa ya pili, nimependeza kwelikweli. Ma Klaudia akanishika mkono nje ya kanisa.

"Umefanya vizuri kuvaa hili shati la bluu," akasema. "Lile la mistari lilikuwa linakubana tumbo."

Nikacheka. Nikamwamkia, nikapiga hatua tatu, nikasimama.

Lile la mistari nilikuwa nimelivalia sebuleni, mapazia yameshushwa. Nilijitazama kwenye kioo, nikajionea huruma, nikalivua. Hakuna binadamu aliyeliona tumbo langu asubuhi ile. Mle sebuleni tulikuwa mimi, kioo, na kamera niliyoiweka kulinda televisheni.

Kumbe si waifai. Huyu mama yumo ndani ya kamera zangu.

Hapa ndipo pa kuungama. Mtu mwenye akili zake angemwita fundi saa ileile. Mimi niliamua kwanza nimfumanie, ili siku nikimkabili asipate pa kukimbilia.

Kumfumania mtu wa namna ile kunataka uongo, tena si uongo mdogo. Ningesema nimenunua mbuzi, angeweza kukaa nao kifuani hadi Ijumaa. Nilitaka uongo ambao mtu wa Nshamba akiusikia lazima autoe siku hiyohiyo au augue.

Jumatatu saa nne asubuhi nikaketi barazani chini ya kamera, nikaweka simu sikioni. Upande wa pili hakukuwa na mtu.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti ya kutosha. "Nimeuza kibanja cha Nshamba. Chote. Migomba, kahawa, nyumba ya mzee. Kaburi? Ndiyo, na kaburi limo. Hapana, mnunuzi si wa ukoo. Ni mtu baki kabisa."

Kwa asiye wa huku nieleze kidogo. Kibanja kwetu si shamba tu. Baba yangu amelala pale katikati ya migomba, na babu yangu pembeni yake. Mtu akikiuza nje ya ukoo, wazee wana haki ya kuja kumuuliza ana wazimu wa aina gani, na kukirudisha.

Nilijua yote hayo. Ndiyo maana niliuchagua uongo ule, na nikaingia jikoni kujikaangia mayai nikiwa ninatabasamu.

Nilikadiria habari itafika Nshamba jioni. Ilifika kabla mayai hayajaiva.

"Avit, ni kweli?" Alikuwa baba mdogo, mkubwa wa ukoo tangu baba afariki.

"Si kweli, baba mdogo."

"Hata mwizi husema si kweli."

"Nilikuwa natania."

Akauliza taratibu, "Ulikuwa unatania na kaburi la kaka yangu?"

Mayai yalianza kuungua nami nimeyakodolea macho tu.

"Jumamosi tunakuja," akasema. "Mimi, wazee wawili na mama yako. Usinieleze lolote sasa. Mambo ya kibanja hayasemwi kwenye simu."

Akakata. Nikampigia mama. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Mama yangu hupokea hata simu za waliokosea namba, na huwauliza habari za kwao mpaka salio linawaishia. Siku ile hakupokea ya mwanawe.

Nilikuwa nimemnasa Ma Klaudia, hilo sikatai. Tatizo ni kwamba mtego ulinishika na mimi mguu.

Jumatano akaja Mzee Dastan. Huyu alitengeneza redio kwa miaka thelathini, redio zilipoacha kuharibika akahamia kwenye kamera, na ndiye aliyenifungia hizi nne. Ya getini, ya barazani, ya uani na ya sebuleni. Akavaa miwani, akachukua simu yangu, akafungua programu ya kamera, akaenda kwenye ukurasa ambao sikuwahi kujua kama upo.

"Hapa wameandikwa wanaoruhusiwa kutazama," akasema. "Wa kwanza ni wewe. Wa pili huyu hapa."

Wa pili alikuwa Klaudia, na picha yake ya siku aliyostaafu, ameshika maua.

"Aliingiaje? Ni mjanja kiasi hicho?"

Mzee Dastan akavua miwani. "Tarehe inaonyesha aliingia siku ileile niliyozifunga. Hebu kumbuka vizuri, Avit."

Nikakumbuka.

Siku ile Dastan alitaka simu ya pili ili ajaribu kama picha zinakwenda. Ma Klaudia alikuwa amesimama palepale, ametuletea kahawa. Mimi, kwa mkono wangu, nilichukua simu yake. Mimi nilimwekea ile programu. Mimi nilimfundisha jinsi ya kuikuza picha kwa vidole viwili. Halafu nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, "Mama, uwe unaniangalizia."

Na hatukumtoa. Miezi saba ananitazama kwa ruhusa yangu.

"Mbona nilibadilisha paswedi?" nikauliza.

"Ulibadilisha ya waifai. Hiyo ni ya kuingilia kwenye mtandao wa nyumba. Kamera zina paswedi yake, na huyu yuko ndani tayari. Wala haihitaji waifai yako. Anakutazama kwa bando lake."

"Anatumia bando lake kunitazama mimi?"

"Kila siku, naona."

Niseme ukweli, nilijisikia vizuri kidogo. Sikujua kama nina thamani ya bando la mtu.

Dastan akafanya kazi mpaka adhuhuri. Akalifuta jina la Ma Klaudia. Akabadilisha neno la siri la rauta yenyewe, lile ambalo huja limeandikwa chini ya kisanduku na hakuna anayejali kuligusa. Akaugawa mtandao, wa nyumba peke yake na wa wageni peke yake, kamera zikabaki kwenye ule wa nyumba. Akapanga kwamba simu yoyote ngeni ikitaka kuingia kwenye kamera, lazima kwanza namba za kuthibitisha zije kwangu. Ya sebuleni akaing'oa kabisa.

"Mwizi wa televisheni atapita getini kwanza," akasema. "Sebuleni unajitazamia nini?"

Sikumwambia habari za shati.

"Na paswedi mpya," akaendelea, "usiweke muziro. Usiweke jina la marehemu. Usiweke mwaka wa kipaimara. Weka kitu ambacho hata mama yako mzazi hawezi kukibuni."

Nikaweka. Nikaijaribu mara mbili, ikakubali. Dastan akasema sasa hata yeye mwenyewe hawezi kuingia, akaondoka na mkungu wa ndizi begani.

Saa nane mchana nikasikia hodi getini. Ma Klaudia, simu mkononi, uso umemshuka.

"Avit, picha zimekatika. Simu inaniambia sina ruhusa. Kamera zimeharibika?"

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu Jumapili. Nilikuwa nayo ya Kiswahili na ya Kihaya, na mengine nimeyapanga nikiwa dukani mbele ya wateja. Nikafungua kinywa niyamwage.

"Zimeharibika, mama," nikasema.

"Pole. Mwite Dastan basi. Nyumba isikae bila mtu wa kuitazama."

Akageuka akaenda zake taratibu. Mimi nikabaki nimeshika geti, nikijisikia mdogo, na sikujua kwa nini.

Alhamisi ikawa zamu ya Oliva.

Hapa lazima mjue kilichokuwa kinaniuma zaidi ya ukoo na kibanja. Oliva aliwahi kuolewa. Siku ya kwanza nilipomwambia nia yangu, tumekaa kwenye magunia ya dagaa pale bandarini Kemondo, aliniambia hivi: "Mume wangu wa kwanza hakunipiga, wala hakulewa. Alikuwa anadanganya tu, kila siku kidogo. Nikikukuta na uongo mmoja, Avit, sirudi tena." Na kaka yake Mayenga, mwenye mitumbwi miwili kule Bumbire, alikuwa na lake: hamtoi dada yake kwa mtu asiye na kwao. Mayenga akaambiwa nina kibanja Nshamba. Akasema sawa, atakuja kunitazama usoni.

Siku waliyopanga ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ileile.

"Oliva mama," nikamwambia kwenye simu, "hatuwezi kusogeza mpaka Jumapili?"

Nikasikia mawimbi, na mtu anayenadi sangara.

"Yule wa kwanza naye alikuwa anapenda kusogeza siku," akasema. "Kuna jambo unanificha?"

"Hakuna."

"Basi ni Jumamosi, saa nane."

Hapo nilikuwa nimefikisha uongo wa tatu, na wiki ilikuwa haijaisha.

Nikajipangia. Wazee wataondoka Nshamba alfajiri, watafika kwangu saa tatu. Watanisema, nitaeleza, watanisema tena, watakula, saa sita wamepanda gari. Oliva na Mayenga wanafika saa nane, wananikuta nimenawa uso, nyumba inanukia ubani. Ulikuwa mpango mzuri na niliulalia fofofo.

Jumamosi saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Saa tano nikampigia baba mdogo.

"Tuko Kemondo," akasema. "Kuna msiba hapa kando ya barabara."

"Wa nani, baba mdogo?"

"Hatumjui. Lakini tutapitaje?"

Hilo ndilo nililolisahau, mimi mzaliwa wa Nshamba. Wazee wa kwetu hawapiti msiba. Walishuka, wakamlilia marehemu ambaye hawakuwahi kumwona, wakakaa kwenye majani pamoja na wafiwa, wakapewa ndizi, na hakuna mtu duniani anayeondoka msibani mara tu baada ya kula.

Saa nane kasoro dakika chache nikawa ninatembea sebuleni nimeshika simu, macho kwenye picha ya kamera ya getini. Nikawa ninaomba litangulie gari la Mayenga tu, au la wazee tu.

Gari likaja moja.

Likasimama getini. Mlango ukafunguliwa, akashuka baba mdogo na fimbo yake. Wakashuka wazee wawili. Akashuka mwanamume mrefu mwenye mabega ya kuvuta nyavu. Kisha akashuka mwanamke aliyevaa kitenge cha njano, akageuka, akampa mkono mama yangu na kumsaidia kukanyaga chini, na mkoba wa mama ulikuwa begani kwake.

Mwanamke huyo alikuwa Oliva.

Nilikuja kuambiwa baadaye ilivyokuwa. Oliva na Mayenga walishuka mtumbwini Kemondo wakakosa usafiri. Mama yangu, aliyekuwa anatoka msibani, akawaona wamesimama juani akasema, "Wanangu, nafasi ipo, ingieni." Oliva akajitambulisha kwa jina la mtoto wake, Mama Sayi. Safari nzima mama amemshika mkono. Na safari nzima wazee wamewasimulia wageni wao, bila kutaja jina, habari za mtoto wao mmoja wa mjini aliyeuza kaburi la baba yake kwa mtu baki. Mayenga alisikitika sana. Alisema kwao mtu huyo angefukuzwa kisiwani.

Oliva aliielewa habari pale gari lilipokata kona ya kuja kwangu.

Wakaingia. Mayenga akakalia kochi jipya, kochi likalalamika. Mama hakunijibu salamu. Oliva alinisalimia kwa sauti ya mtu anayeulizia bei.

Kabla baba mdogo hajafungua mkutano, geti likagongwa tena. Ma Klaudia, na chupa ya kahawa, na kigoda chake mwenyewe.

"Mimi ndiye shahidi," akasema, akakaa.

Baba mdogo akaanza kwa Kihaya, akawakumbuka wageni, akageuzia Kiswahili. "Avit. Umeuza kibanja au hujauza?"

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Nikisema nimeuza, mimi ni mtu nisiye na kwetu, Mayenga anasimama na dada yake. Nikisema sijauza, basi maneno ya barazani yalikuwa uongo, na Oliva ameketi palepale anasikiliza. Nikatamani sana kusema kwamba Ma Klaudia alisikia vibaya. Maneno yalikuwa yamenifika kabisa kwenye ulimi.

Nikamtazama Ma Klaudia.

"Nilimsikia kwa masikio yangu," alikuwa anawaambia wazee, "kwenye simu aliyoniwekea yeye mwenyewe. Aliniambia niwe ninamwangalizia. Nimemwangalizia miezi saba. Mvua ilipokuja ameanika nguo, nani alimpigia simu dukani? Kuku walipotoka uani, nani aliwarudisha? Halafu siku moja ninamsikia anauza kaburi la baba yake. Ningenyamaza?"

Hakuna aliyeona kwamba alipaswa kunyamaza. Hata mimi sikuona.

Na zile simu za mvua nilizikumbuka. Mara tatu, au nne. Nilikuwa ninashukuru, ninakimbia kuanua, na sikuwahi kujiuliza mtu anaonaje nguo zangu ng'ambo ya ukuta wa futi nane.

"Sijauza," nikasema. "Kibanja kipo. Nilidanganya."

Nikawaambia yote. Simu isiyo na mtu upande wa pili. Kwamba nilimtega mwanamke mwenye umri wa mama yangu kwa kutumia kaburi la baba yangu, kwa sababu niliona aibu kumwambia maneno mawili getini. Kwamba Jumatano nilimwambia kamera zimeharibika, na hazikuharibika. Nikamgeukia Oliva.

"Na wewe uliniuliza kama kuna jambo ninakuficha, nikakujibu hakuna. Lilikuwepo. Hili."



Mama akawa wa kwanza kusema. "Kibanja kipo?"

"Kipo, mama. Migomba yote ipo."

Akaweka mkono kifuani, akafumba macho. Baba mdogo akainamisha kichwa. Nikadhani analia, kumbe mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Mtu mzima," akasema, "anaongea na simu iliyozimwa." Wazee wale wawili wakaangua kicheko, na Mayenga naye akafuata, kicheko cha kisiwani kinachosikika mtumbwi wa pili.

Ma Klaudia hakucheka. Alikuwa anakisugua kifuniko cha chupa ya kahawa kwa ncha ya khanga yake.

"Ungeniambia tu, Avit," akasema. "Ningetoka. Watoto wangu wako Mwanza na Dodoma. Mle ndani kwangu kuna mlio wa saa ya ukutani, basi. Nilikuwa nikikuona umerudi salama, nami ninaenda kupika."

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Nikaenda nikainama mbele yake, nikamwomba radhi kama mtoto anavyomwomba mzazi. Akanipiga kikofi kidogo cha bega na kusema shati la leo pia linanibana. Hapo nikajua nimesamehewa.

Akabaki Oliva.

"Nilikuambia uongo mmoja tu sirudi," akasema. "Leo nimesikia mitatu."

"Ni mitatu, ndiyo."

"Ila umeitaja mwenyewe, mbele ya mama yako na kaka yangu. Yule wa kwanza miaka tisa hakuwahi kutaja hata mmoja." Akafungua mkoba, akatoa simu yake, akaninyooshea. "Niingize kwenye hizo kamera."

"Kamera?"

"Za nje. Siku saba. Nitakuwa Bumbire, nikitaka kutazama nitatazama. Nione mtu anayeniambia yuko nyumbani kama kweli yuko nyumbani. Siku ya nane nitakupa jibu, na likiwa ndiyo, ni ndiyo."

Mayenga akasema huo ndio mpango bora wa ndoa aliowahi kuusikia.

Basi mimi, niliyehangaika wiki mbili kumtoa mwanamke mmoja kwenye kamera zangu, nikakaa kwenye mkono wa kochi kumwingiza mwingine. Namba za kuthibitisha zikaja kwenye simu yangu. Nikamsomea moja moja. Jina lake likatokea, wa pili baada yangu, pale lilipokuwa la Ma Klaudia. Siku saba ni nini? Dukani, nyumbani, kanisani. Ningepika hata ugali mbele ya geti auone.

Nikamwahidi, na wote walinisikia, kwamba kuanzia saa ile atakachoniuliza nitamjibu kilivyo.

Ndipo mama akasogea. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake, kama alivyokuwa ananifanya kanisani nikiwa mdogo, akaanza kunong'ona kwa Kihaya. Mama yangu hajawahi kujua kunong'ona.

"Huyu binti nimempenda tangu kwenye gari," akasema. "Lakini kuna kitu. Niliposikia umeuza kibanja nikajua upweke umekuharibu kichwa, na yule mgeni wako wa chai hakutunzi. Nikaenda kwa kina Joanitha, yule mwalimu mjane. Nikakuposea kwa wazee wake, aje akutunze. Wamekubali."

"Mama, wakatalie."

"Nitawakataliaje? Wameshakunywa lubisi yetu ya ndizi, mtungi mzima, na huyu baba yako mdogo ndiye aliyewamiminia. Joanitha ameshaaga kwao. Anakuja Jumatano, na masanduku yake. Nimemwelekeza vizuri, geti la bluu lenye kamera."

Ghafla baba mdogo akaanza kuichunguza fimbo yake. Ma Klaudia, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anapata habari asiyoijua, alibaki na kikombe hewani.

Oliva alikuwa bado anaitazama simu yake, picha ya geti langu imejaa kwenye kioo. Hajui Kihaya hata neno moja. Akainua uso, akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu afike.

"Avit," akauliza, "mama anasemaje?"

Mle sebuleni kulikuwa na watu wanne waliokuwa wamesikia kila neno la mama. Wote wanne, na mama wa tano, walikuwa wananitazama mimi.